Mwani wa tangi uliotokea baharini: kisa cha Carlsbad, California, 2000–2006

Tarehe 12 Juni 2000, wapiga mbizi waliokuwa wakikagua nyasi bahari katika hori ya Agua Hedionda, mjini Carlsbad kusini mwa California, walikuta mmea wasiouzoea. Ulikuwa wa kijani kikali. Shina lake lilitambaa juu ya tope, na kila jani lilikuwa na uti wa kati wenye vijijani vidogo vilivyopangana pande mbili. Nyasi bahari za kule, Zostera marina, zina majani marefu, membamba, bapa, yasiyo na matawi, kwa hiyo kuzichanganya na mmea huu haiwezekani kwa mtu aliyezizoea. Kipande kilichukuliwa, kikaonwa na wajuzi wa mwani, na jina likapatikana: Caulerpa taxifolia.

Bahari ya California haina mwani huo kwa asili. Ila wafugaji wa samaki wa maji chumvi wanaufahamu vizuri sana, maana umepamba matangi yao kwa miaka mingi. Unapendeza, hauhitaji uangalizi, na hufyonza naitreti na fosfeti zinazoletwa na chakula na kinyesi cha samaki. Kisha siku moja mwenye tangi anagundua kwamba umefunika mawe yote na kuwabana marijani wake, na ndipo anapoanza kuuliza utaondokaje.

Nakichambua kisa cha Carlsbad kwa wafugaji hao, na kwa yeyote anayejali pwani, kwa sababu maswali yote ya mwani sumbufu wa tangini yalijitokeza pale kwa ukubwa wa hori nzima: ni mwani gani huu, unauawa kwa njia gani, na utajuaje kwamba umekwisha kweli. Kila hatua iliandikwa, na mwisho wake unajulikana.

Mwani wenyewe na historia yake

Caulerpa ni jenasi yenye spishi nyingi za bahari za joto. Pwani ya Afrika Mashariki inazo za kutosha: anayetembea kwenye miamba maji yakipwa atakuta Caulerpa racemosa yenye vipunje vya mviringo, C. serrulata yenye majani ya ukingo wa meno meno, C. sertularioides yenye vijijani vyembamba vya mviringo kama sindano, na taxifolia yenyewe pia imo. Zote hizo ni wenyeji. Samaki na konokono wa kwetu wanaishi nazo tangu zamani, na hakuna sababu ya mtu wa Mombasa au Unguja kuzing'oa kwa kuogopa jina.

Kinachoshangaza katika jenasi hii ni kwamba mmea mzima ni seli moja. Shina, majani na vijizizi vyote vimo ndani ya ukuta mmoja, na viini vya seli ni vingi mno humo ndani bila kuta za kuvitenganisha. Mtu angetarajia kwamba ukiukata, yaliyomo yatamwagika ufe. Sivyo. Jeraha linazibwa upesi na utomvu unaogandamana, na kipande kilichokatika kinatoa shina na vijizizi vyake kivyake. Ni kama marando ya viazi vitamu: kata, tupa penye unyevu, kinashika. Kwa mwani huu kipande cha sentimita moja kinatosha. Ukifichwa gizani penye unyevu, kwa mfano katikati ya kamba za nanga, unaweza kukaa nje ya maji kwa siku kadhaa ukiwa hai. Tena una sumu yake, kaulerpenini, inayowafanya wala mimea wengi wauache.

Aina iliyofika Carlsbad haikuwa ile ya porini. Ilitoka katika uzao uliokuzwa kwenye akwariamu za Ulaya. Bustani ya wanyama ya Wilhelma, Stuttgart, Ujerumani, iliukuza mwani huu katika miaka ya 1970 na ikawagawia wenzake, na kwa njia hiyo ukafika Makumbusho ya Bahari ya Monaco. Mwaka 1984 kiraka cha kama mita moja ya mraba kilionekana baharini chini ya makumbusho hayo. Mwaka 1989 Alexandre Meinesz, mtaalamu wa biolojia ya bahari wa Chuo Kikuu cha Nice, alipozamia hapo alikuta umefikia hekta nzima. Kufikia mwisho wa mwaka 2000 ulikuwa umeathiri kilomita za mraba 131 za sakafu ya bahari katika nchi sita: Monaco, Ufaransa, Hispania, Italia, Kroatia na Tunisia.

Uzao huu ulitofautiana na ndugu zake wa porini kwa mambo mawili yaliyoubadilisha kutoka pambo kuwa janga. Ulistahimili baridi: majira ya baridi ya Mediterania, yanayoua mwani wa tropiki, haukuyajali. Na ulienea kwa vipande tu. Mimea iliyochunguzwa ilitoa gameti, yaani seli za uzazi, za kiume peke yake, kwa hiyo mwani wote ule wa nchi sita ulikuwa, kwa hakika, mche mmoja uliokatwakatwa na nanga na nyavu. Vinasaba vilithibitisha mwaka 1998 kwamba mwani wa Mediterania na ule wa akwariamu ni kitu kimoja, na uchunguzi wa baadaye ukaonyesha asili yake ni bahari ya Australia, upande wa Brisbane.

Kati ya 1984 na 1998, watu walibishana juu ya ulikotoka. Wapo waliodai umeingia wenyewe kupitia Mfereji wa Suez. Wapo waliosema ni Caulerpa mexicana iliyobadilika umbo kwa mazingira. Mabishano ya asili ni halali katika sayansi, na mimi sina neno nayo. Kosa lilikuwa kuyafanya yasimamishe kazi. Mita moja ya mraba mtu mmoja mwenye subira na mfuko angeimaliza, na jibu la swali la asili lisingepungua thamani kwa kungoja.

Siku kumi na saba

Carlsbad walichukua siku 17 tangu kuuona mwani hadi kuanza kuuua. Ukilinganisha na Monaco, hiyo ndiyo tofauti iliyoamua kila kitu, na inafaa kuangalia ilipatikanaje.

Kwanza, aliyeuona alikuwa anajua kilichopaswa kuwepo. Wale wapiga mbizi hawakwenda kutafuta Caulerpa. Walikwenda kuangalia nyasi bahari, na kwa kuwa walijua sura ya hori yao, mgeni alijitokeza. Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea kwenye matangi: tunayatazama kila siku bila kujua majina ya vilivyomo, kwa hiyo kijani kipya kinaonekana kijani tu mpaka kimefunika jiwe.

Pili, jina la adui lilikuwa limeshapigiwa mbiu. Mwaka 1998 wanasayansi zaidi ya mia moja walimwandikia waziri wa mambo ya ndani wa Marekani, Bruce Babbitt, wakionya kuhusu uzao huu. Mwaka 1999 serikali ya shirikisho iliuweka kwenye orodha ya magugu hatari, ikapiga marufuku kuuingiza nchini. Marufuku hayo hayakuuzuia kufika. Lakini yalimaanisha kwamba jina lilipotamkwa Juni 2000, hakuna ofisi iliyohitaji kuelezwa upya kwa nini jambo hili ni zito.

Tatu, fedha za mwanzo zilipatikana bila kungoja bajeti. Hori ya Agua Hedionda ilihudumia mtambo wa umeme ulio kando yake, na kampuni yenye mtambo ililipia kazi ya mwanzo. Mashirika ya serikali ya jimbo na ya shirikisho, pamoja na wataalamu binafsi, wakaunda kikosi kimoja cha kusimamia shughuli. Mwezi uliofuata mwani huohuo ukaonekana kwenye vidimbwi vilivyounganishwa na bandari ya Huntington, kaskazini zaidi. Kikosi kikabeba sehemu zote mbili.

Jambo la nne ndilo ninalolipa uzito kuliko yote. Utambuzi kwa vinasaba, uliothibitisha kwamba mwani wa California ni uzao uleule wa Mediterania, ulichapishwa katika jarida la Nature mwezi Novemba 2000. Maturubai yalikuwa yameshatandazwa majini miezi kadhaa kabla ya hapo. Utambuzi kwa macho na kwa umbo ulitosha kuanza, kwa sababu hasara ya kukosea upande mmoja ilikuwa ndogo, kipande cha sakafu ya hori kufunikwa bure, na ya upande mwingine ilikuwa Mediterania ya pili. Utambuzi una ngazi zake. Unachohitaji ni ngazi inayotosha kwa uamuzi ulio mbele yako, na uendelee kupanda huku kazi inaendelea.

Kwa nini turubai na klorini

Wazo la kwanza la mtu yeyote ni kung'oa kwa mkono. Ufaransa wamefanya hivyo kwa miaka katika hifadhi ya Port-Cros, wazamiaji wakikusanya vipande kimoja kimoja, na kwa viraka vidogo katika maji maangavu inasaidia. Agua Hedionda ina tope na maji yasiyoonyesha mbali. Kila mvuto wa mkono ungezaa vipande visivyoonekana, navyo vingesafiri na mkondo.

Wazo la pili ni kutafuta mlaji. Meinesz na wenzake walichunguza konokono wadogo wasio na gamba wanaofyonza Caulerpa, akiwemo Elysia subornata wa bahari ya Karibi, lakini hawakuachiliwa baharini. Kwangu huo ulikuwa uamuzi sahihi. Kumleta mgeni wa pili ili amle mgeni wa kwanza ni kuongeza swali jingine juu ya lile ambalo halijajibiwa.

Wakaamua kufunika na kuua papo hapo. Maturubai meusi ya plastiki yalilazwa juu ya kila kiraka, kingo zikakandamizwa kwa viroba vya mchanga, na klorini ya maji ikaingizwa chini kupitia matundu yenye vifuniko. Huntington baadaye walitumia vidonge vya klorini vya aina ya kusafishia mabwawa ya kuogelea. Giza lilizuia mwani kujitengenezea chakula, klorini iliuchoma, na turubai lilizuia kipande chochote kutoroka. Mambo hayo matatu yalifanya kazi pamoja. Klorini bila kifuniko ingechukuliwa na maji kabla ya kufanya lolote, na kifuniko bila klorini kingechukua muda mrefu mno.

Gharama yake haifichiki: kila kilichokuwa chini ya turubai kilikufa, nyasi bahari, kaa, minyoo, chaza. Wapo waliosikitika, na walikuwa na haki. Ila viraka vilivyofunikwa vilikuwa sehemu ndogo ya hori, na klorini huishia kuwa chumvi ya kawaida bila kukaa kwenye tope. Shaba haiko hivyo. Kila aliyewahi kutia dawa ya shaba kwenye tangi lenye mawe anajua: huingia kwenye mawe na mchanga, na kamba na konokono hawaishi humo tena kwa muda mrefu.

Kujua kwamba umekwisha

Hapa ndipo kisa hiki kinapokuwa shule. Kuua mwani unaouona ilikuwa nusu tu ya kazi, na pengine nusu nyepesi.

Wapiga mbizi waliipitia sakafu ya hori mstari kwa mstari, mara kwa mara, mwaka baada ya mwaka. Lakini ripoti inayosema "hatukuona kitu" ina thamani gani kwenye maji ya tope? Inaweza kumaanisha hakuna mwani, au hakuna uoni. Wasimamizi wakafanya jambo ambalo nalistahi sana: walipandikiza mimea ya bandia ya plastiki iliyofanana na Caulerpa katika sehemu ambazo wapiga mbizi hawakuzijua, kisha wakahesabu mingapi ilipatikana. Hapo wakawa na kipimo cha macho yao wenyewe, na wangeweza kusema kwa hesabu, si kwa matumaini, kwamba kiraka kikiwepo kuna uwezekano gani wa kukikosa, na ukaguzi urudiwe mara ngapi ili uwezekano huo uwe mdogo.

Chini ya maturubai nako hawakuamini tu. Walichota tope kwa mirija, likatoka kama nguzo, kutoka sehemu zilizotiwa klorini, wakaziweka kwenye mwanga na joto linalofaa kuotesha, wakangoja kama kuna kipande kilichosalia. Caulerpa haikuota.

Katika muda huo wote watumiaji wa hori walibanwa. Kutia nanga, kuvua na michezo ya mashua viliwekewa masharti, na malalamiko hayakukosa. Ni haki kusema kwamba bila masharti hayo ukaguzi ungekuwa kazi bure, maana nanga moja ingebeba kipande kutoka upande uliokwisha safishwa hadi upande mwingine.

Baada ya mwaka 2002 mwani haukuonekana tena katika sehemu zote mbili. Hata hivyo hawakutangaza ushindi. Waliendelea kukagua hadi tarehe 12 Julai 2006, ndipo ikatamkwa rasmi kwamba Caulerpa taxifolia imetokomezwa kusini mwa California. Gharama ilizidi dola milioni 7.

Je, zilistahili? Wapo wanaonyoosha kidole Mediterania, ambako miaka ya baadaye mwani huu ulipungua sana sehemu nyingi bila mtu kuung'oa. Hoja hiyo ni ya kweli na lazima ijibiwe. Jibu langu ni kwamba mwaka 2000 hakuna aliyekuwa na dalili ya kupungua huko. Mwani ulikuwa unaongezeka kila ulipohesabiwa, na nyasi bahari za California ni malezi ya samaki ambao wavuvi wa kule wanawategemea. Kungoja ili kuona kama utakufa wenyewe kungeondoa nafasi ya kuutokomeza, kwa sababu nafasi hiyo ilikuwepo tu wakati viraka vinahesabika. Niongeze pia kwamba mazingira yaliwasaidia. Hori imefungwa na ina mlango mwembamba, vidimbwi vya Huntington vilikuwa na maji yasiyokwenda kasi, na viraka havikuwa vimefika bahari kuu. Njia hiyohiyo kwenye mwamba ulio wazi kwa mawimbi isingefaa.

Upande wa matangi

Hakuna aliyeshtakiwa. Inaaminika kwamba mtu alimwaga yaliyomo tangini, moja kwa moja au kupitia mtaro wa maji ya mvua, na bila shaka hakuwa na nia mbaya. Mwaka 2001 California ilipiga marufuku kuuza na kumiliki spishi tisa za Caulerpa. Watafiti waliotembelea maduka 50 ya kusini mwa California kipindi hicho walikuta zaidi ya nusu yanauza Caulerpa ya aina moja au nyingine, na utafiti wa baadaye ulikuta bado zinauzwa hata baada ya sheria. Wauzaji wengi hawakujua wanachouza. Orodha ya spishi tisa inamtaka muuza duka awe mjuzi wa mwani, jambo lisilowezekana. Udhaifu huo ulijionyesha mwaka 2021, Caulerpa prolifera ilipoonekana katika bandari ya Newport Beach, na tena mwaka 2023 katika ghuba ya San Diego. Spishi hiyo haikuwa miongoni mwa zile tisa. Mwaka huohuo wa 2023 jimbo likapanua marufuku yake kwa jenasi nzima.

Kwa mwenye tangi, basi, kazi inaanza na kulitazama jani karibu. Taxifolia ina vijijani bapa vinavyoelekeana, vimepinda kidogo kwenda juu, vimebanwa pale vinapoungana na uti. Vya sertularioides ni vyembamba na vya mviringo kama sindano. Mexicana ina vijijani bapa pia, ila vipana na vinavyokaribiana zaidi. Prolifera ina jani zima lisilochanika. Zote zina shina linalotambaa lenye vijizizi chini, na hilo ndilo linalozitenga na mwani wa nywele nywele na ule utando mwekundu wa bakteria, ambavyo dawa zake ni nyingine kabisa.

Kung'oa kunafaa tangini, tofauti na horini, kwa sababu jiwe linaweza kutolewa. Zima pampu, toa jiwe pamoja na mwani wake, uweke kwenye ndoo ya maji ya chumvi, uvute shina kwa vijizizi vyake, kisha suuza jiwe ndani ya ndoo kabla ya kulirudisha. Maji ya ndoo yasirudi tangini wala yasiende kwenye mtaro wa mvua. Jiwe lisilotoka lifanyiwe kazi huku mpira wa kuvutia maji ukinyonya vipande karibu na vidole, na maji hayo yachujwe kwa kitambaa. Samaki wala mwani kama kangaja na tasi husaidia kula machipukizi, ingawa samaki mmoja hali kama mwenzake, na tangi dogo halimfai kangaja hata kidogo. Ukiona majani yanapauka na kuwa kama kioo, mwani unajiandaa kumwaga gameti zake: utakufa ghafla, maji yatachafuka na hewa itapungua, kwa hiyo uondoe wote siku hiyohiyo. Na ufuatilie naitreti na fosfeti, maana chakula cha samaki kikizidi mwani utarudi kutoka kwenye kipande chochote ulichokisahau.

Uliyoyang'oa, pamoja na kitambaa cha kuchujia, tia kwenye mfuko wa plastiki, funga, weka kwenye friza kwa saa 24 au zaidi, ndipo utupe na taka za nyumbani. Fanya hivyo hata ukiishi mita mia kutoka baharini, na hasa ukiishi hapo. Mwani ulioagizwa kutoka ng'ambo pamoja na mawe au samaki si lazima uwe uleule unaouona mwambani kwako, hata kama majani yanafanana.